Mama Mkunga Anajibu: "Naambiwa nikaze moyo, mpaka lini?"

*Shikamoo Mama. Nakuandikia kutoka Uyole, Mbeya. Nina mtoto wa kwanza, wa kike, leo ana siku 9. Nilijifungua kawaida tukarudi nyumbani salama. Tangu siku ya 3 chuchu zinauma mno, mtoto akishika tu natokwa machozi. Ya kushoto imepasuka, na jana mtoto alipocheua niliona damu kwenye maziwa. Mama mkwe ananihudumia vizuri sana, ila anasema uzazi wa kwanza ndivyo ulivyo, nikaze moyo. Jirani kanielekeza nioshe kwa sabuni na maji ya chumvi kila kabla ya kunyonyesha. Baba mtoto yuko tayari kununua maziwa ya kopo. Usiku nikisikia mtoto anaanza kulia, mwili unanisisimka kwa woga. Niache kumnyonyesha? Na hiyo damu haitamdhuru?*
*Mama wa binti, Uyole*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Nianze na damu, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Damu kidogo inayotoka kwenye mpasuko wa chuchu haimdhuru mtoto. Anaweza kuicheua, au choo chake kikawa cheusi kidogo, kisha yanaisha. Ipo hali moja inayobadilisha jibu hili. Nitaieleza huko chini, tafadhali usiiruke.

Tuje kwenye maumivu. Siku za mwanzo akina mama wengi husikia chuchu zikichoma pale mtoto anapovuta mara ya kwanza, halafu ndani ya nusu dakika hivi yanapoa. Hayo yapo. Lakini maumivu yanayoanza mtoto anaposhika na kuendelea hadi anapoachia, tena yamefika mahali pa kupasua ngozi, hayo si ada ya uzazi wa kwanza wala wa tano. Yana sababu. Nimekuwa mkunga Iringa na Mbeya muda mrefu, na sababu niliyokutana nayo kuliko zote ni hii: mtoto ameshika chuchu badala ya kushika titi.

Hebu pitisha ulimi wako juu ya kaakaa, uanzie nyuma ya meno ya mbele. Hapo ni mfupa mtupu. Urudishe nyuma taratibu, utafika mahali palipo laini, panabonyea. Chuchu inatakiwa ifike huko nyuma kwenye ulaini. Ikiishia mbele, kila mtoto anapovuta, ulimi wake unaisaga kwenye mfupa. Na mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku. Ngozi gani itahimili hayo? Kwa hiyo mtoto akiachia, itazame chuchu kabla hujaifunika. Ikitoka ya mviringo, vizuri. Ikitoka imebanwa bapa, au imelala upande mmoja, au ina mstari mweupe kwenye ncha, basi ujue inabanwa.

Sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu la ziada, nalo ni nguo. Mtoto wa Uyole mwezi wa sita anavalishwa sweta, kofia, soksi, anafungwa shali, halafu blanketi juu yake. Mikono imefungwa ndani, kifua kimejaa nguo, na mama naye amevaa sweta alilolipandisha nusu. Kati ya tumbo la mama na tumbo la mtoto kuna rundo zima la vitambaa. Mtoto hawezi kusogea, kidevu hakifiki kwenye titi, anaishia kudaka ncha ya chuchu kwa mbali na kuivuta. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta hivyo, na kufungua blanketi tu kumebadilisha mambo palepale.

Kwa hiyo fungua shali na blanketi. Mbakishie nguo moja ya ndani na kofia, mlaze tumbo lake liguse tumbo lako, kisha jifunikeni wote wawili kwa blanketi moja. Hatapata baridi, joto lako linamtosha. Wewe kaa umeegemea ukuta au mto, miguu imetulia, usiiname kumfuata. Kichwa na mwili wake viwe kwenye mstari mmoja, asipinde shingo. Pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, halafu subiri. Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Subiri mpaka afungue mdomo mpana kabisa, ndipo umlete yeye kwenye titi haraka, kidevu kikitangulia. Mshike mgongoni na mabegani, usimsukume kisogo, ukimsukuma atarudisha kichwa nyuma. Vidole vyako vinavyoshika titi vikae mbali na ile sehemu nyeusi, vikiwa karibu vinamzuia asiijaze mdomoni.

Akishika vizuri utaona kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, mashavu yamejaa hayajabonyea, na ile sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia anameza. Kama maumivu bado makali baada ya ile nusu dakika, usivumilie. Ingiza kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo wake aachie, uanze upya. Usimchomoe kwa kuvuta, ndivyo ngozi inavyozidi kuchanika. Rudia hata mara nne, mtoto hatakufa njaa kwa dakika hizo. Ukiona bado, jaribu kulala ubavu naye akuelekee, au mpitishe chini ya kwapa, miguu yake ielekee mgongoni kwako.

Kuhusu kidonda: acha sabuni, acha chumvi, na spiriti usiiguse kabisa. Vyote vinakausha ngozi na kuondoa mafuta yake ya asili. Maji ya kawaida unapooga yanatosha. Kila akimaliza kunyonya, kamua matone machache ya maziwa yako, paka kwenye chuchu, yaache yakauke. Duka la dawa likiwa na lanolini safi (mafuta ya sufu ya kondoo), paka kidogo, na huna haja ya kuiosha kabla ya kunyonyesha. Kitambaa kikilowa, badilisha. Paracetamol inaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha, mradi usizidishe kiasi kilichoandikwa. Anzia titi la kulia lenye nafuu, kwa sababu mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu zaidi. La kushoto likikushinda kabisa, likamue kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa, umnyweshe kwa kikombe hichohicho, usimpe kwa chupa. Usiliache likajaa, ukaongeza tatizo juu ya tatizo.

Maziwa ya kopo nayaelewa, baba mtoto anakuonea huruma na ninamsifu kwa hilo. Lakini titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Mtoto akishibia kopo, atanyonya kidogo, na maziwa yako yatapungua, huku sababu ya maumivu ikiwa palepale. Hela ya kopo akuletee chakula kizuri. Na yeye ndiye awe wa kukutazama pembeni unapomshikisha mtoto, maana mama mwenyewe hauoni vizuri mdomo wa chini.

Mama mkwe, mama mwenzangu, najua binti wa watu atakusomea hapa. Asante kwa uji wa ulezi na kwa maji ya moto ya kila asubuhi. Ninakuomba jambo moja tu: neno "kaza moyo" lisitangulie. Wengi wetu tulikaza kwa sababu hakukuwa na wa kutuonyesha. Leo yupo nesi wa kliniki, kazi yake ni hiyo. Msindikize mkwe wako, mwambie nesi atazame mtoto *akiwa ananyonya*, asiangalie chuchu peke yake.

Mwanangu, nenda kliniki hata kesho kama unaweza, maana ngozi imeshapasuka. Mtoto apimwe uzito. Kwa umri wake awe analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Waangalie na chini ya ulimi wake. Wapo watoto ambao ulimi umeshikwa na kiutando, wengine wanakiita udata, ukawa haufiki mbele vizuri. Hilo linatazamwa na daktari. Usikubali mtu wa mtaani amkate udata wala kimeo, watoto wanatoka damu na kupata maambukizi kwa mikono hiyo. Na usisubiri asubuhi ukipata homa ya kutetemeka, au sehemu ya titi ikawa nyekundu, ya moto na ngumu. Hapo unahitaji tiba ya haraka, na kwa kawaida mtoto anaendelea kunyonya.

Sasa ile hali moja. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyokuwa juu kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, kwa hiyo siwezi kuandika kuhusu chuchu inayotoka damu nikalinyamazia hili. Mama anayetumia dawa za ARV kila siku ananyonyesha, na hatari ya mtoto kuambukizwa inakuwa ndogo sana. Lakini chuchu ikipasuka ikatoa damu, au titi likipata uvimbe wa moto, hatari ya kumwambukiza mtoto inaongezeka. Aende kliniki anakochukua dawa siku hiyohiyo. Kabla hajafika, anyonyeshe titi lisilo na kidonda, lile lenye kidonda alikamue na maziwa yake ayamwage, mpaka lipone. Dawa asiruke, za mtoto pia. Na asimchanganyie mtoto uji wala maziwa mengine bila ushauri wa kliniki.

*Habari za kazi, Mama. Mke wangu ananyonyesha mtoto wa wiki 3, tupo Makete. Mtoto ananyonya vizuri, nesi amethibitisha. Ila akiachia tu, chuchu inageuka nyeupe, inakuwa kama ya bluu, halafu nyekundu, na mke wangu anasema inachoma kama moto. Asubuhi ndiyo zaidi. Duka la dawa wametuuzia dawa ya fangasi, haijasaidia.*
*Baba kijana, Makete*

Nzuri, baba. Umetazama vizuri, na hizo rangi tatu ndizo zinazonipa jibu. Mishipa midogo ya damu ya chuchu inajibana kwa baridi, damu inakimbia, kisha ikirudi inachoma. Mara nyingi watu hudhani ni fangasi. Baridi ya Makete mnaijua wenyewe, na chuchu inatoka kwenye mdomo wa moto ikiwa imelowa, inakutana na hewa hiyo.

Kwa mkeo, kukausha chuchu kwa upepo nilikomshauri mama wa Uyole hakufai. Afunike papo hapo mtoto akiachia, aikandamize kwa kiganja cha moto au kitambaa kikavu kilichopashwa joto. Avae joto mwili mzima kabla hajaanza kunyonyesha, na anyonyeshee chini ya blanketi. Kama unavuta sigara, moshi usimfikie, tumbaku huzidisha kubana kwa mishipa. Nesi atazame tena mtoto anavyoshika, kwa sababu kubanwa pia huleta hali hii. Isipotulia, daktari anayo dawa ya kulegeza mishipa.

Na jiko la mkaa lisiingie chumbani wanamolala. Najua ndivyo tunavyopasha nyumba huku kwetu, na kila msimu wa baridi tunazika watu kwa hewa yake ya sumu. Liwasheni nje, pasheni maji na vitambaa huko, mrudi navyo ndani.

*Mtoto wangu ana mwezi 1. Chuchu zilikuwa nzima, wiki hii zinawaka na zinang'aa. Mtoto ana utando mweupe ndani ya mashavu, haufutiki. Bibi anampaka asali.*
*Mama, Mafinga*

Huyo sasa ndiye mwenye dalili za fangasi. Asali ikome leo, mtoto hapewi asali mpaka atimize mwaka. Msimkwangue utando, mtamtoa damu. Nendeni zahanati wewe na mtoto pamoja, mtibiwe siku moja, kwa sababu akitibiwa mmoja tu, mwenzake atamrudishia. Endelea kunyonyesha, chemsha vitambaa vya kifuani uvianike juani, na dawa muimalize hata kama utando utatoka mapema.