Kuvua Mshipi Mwambani Malindi: Yatazame Maji Yaliyo Nyuma Yako

Anayetaka kuvua kutoka kwenye miamba ya Malindi huuliza kwanza habari za ndoana na chambo. Kwa miaka niliyovua hapa nimeona kwamba swali la kwanza lingekuwa la njia ya kurudi. Mwamba wetu ni wa matumbawe ya kale, umeliwa na bahari hata ukajaa mashimo na mifereji, na mara nyingi ile ncha ya mbele, penye kina ambako tewa na kolekole hupita, imeinuka kuliko mahali ulipopita ukienda. Kwa hiyo maji yanapojaa hayaanzii miguuni pako, bali huingia kwanza katika mfereji ulio nyuma yako, nawe macho yote yako kwenye mshipi.

Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti yake hupita mita 3. Hayapandi kwa mwendo mmoja: mwanzoni huja polepole hata ukadhani yamesimama, kisha katika saa ya tatu na ya nne huingia karibu nusu ya maji yote. Mfereji ulioukanyaga ukiwa na maji ya kifundo cha mguu huweza kukufika kifuani, tena una mkondo unaovuta. Mimi hushuka maji yangali yanakupwa, nikachagua alama katika mfereji huo, kwa kawaida jiwe lenye chaza walioshikamana ubavuni. Chaza wa chini wakianza kufunikwa nakunja mshipi, hata kama samaki wanakula vizuri.

Msimu wa kusi ndio unaonitia hofu zaidi, hasa kwenye rasi ya nguzo ya Vasco da Gama, kwa kuwa mawimbi makubwa huja kwa makundi na utulivu wa dakika 10 haukuambii kitu. Simama juu utazame bahari kwa nusu saa. Jiwe lililolowa linakuonyesha wimbi linafika wapi, na penye mwani wa kijani pasikanyagwe hata kwa viatu.

Usijizungushie mshipi mkononi, na ndoana ikinasa chini ukate tu, kwani ndoana hununuliwa. Chafi mshike kwa kitambaa, maana miiba yake ina sumu. Ukichomwa, maji ya moto ambayo ngozi inayastahimili hupunguza maumivu. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1968, uvuvi umekatazwa kabisa, nami naona ni haki.

Usiende peke yako, na mwenzako achukue kamba ndefu iliyofungwa mtungi mtupu wa lita 5 wenye kifuniko kilichokazwa. Mtu akianguka, usijitupe majini kumfuata: mrushie mtungi, umpigie kelele ajitenge na mwamba, kwa sababu kinachomwumiza zaidi ni kung'ang'ania jiwe huku wimbi likimbamiza. Akiwa nje ya povu anaweza kuelea na mtungi wake, akisogea taratibu kuelekea ufuko wa mchanga, wakati wewe unapiga simu 999 na kuwaita wenye mashua.