Maswali na majibu: Kifundo kilichoteguka na safari ya kupanda miamba Masasi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Masasi. Wiki tano zilizopita niliteguka kifundo cha mguu wa kulia nikicheza mpira. Wayo ulipinduka kwa ndani, mguu ukavimba, lakini niliweza kukanyaga siku ileile. Bibi alinikanda kwa maji ya moto mpaka uvimbe ukaisha. Sasa natembea bila kuchechemea, ila nikishuka ngazi nahisi kama kifundo kinataka kuniponyoka. Jumamosi ijayo rafiki zangu wanakwenda kupanda miamba iliyo nje ya mji, na mmoja wao aliyewahi kuongoza wapanda milima ana kamba na mikanda. Je, naweza kwenda nao nikifunga bendeji na kumeza diklofenaki kabla ya kuanza?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Unaweza kwenda, ila si kwa mpango huo wa bendeji na diklofenaki, na usipande kila watakapopanda wenzako. Katika maelezo yako yote, lililonishughulisha zaidi ni hilo la ngazi.

Wayo unapopinduka kwa ndani, mara nyingi huumia ligamenti fupi, yaani utepe mgumu unaounganisha mifupa, iliyo upande wa nje, mbele kidogo ya kile kifupa kinachojitokeza kifundoni. Maumivu na uvimbe huondoka mapema, lakini ligamenti yenyewe hujengwa upya kwa wiki sita hivi za mwanzo, kisha nyuzi zake huendelea kujipanga na kukaza kwa miezi kadhaa. Ndani ya ligamenti hiyo mna pia neva ndogo zinazoupa ubongo habari za mkao wa mguu. Zikijeruhiwa, habari huchelewa, na misuli ya upande wa nje wa muundi, ambayo kazi yake ni kuuzuia wayo usipinduke, huchelewa nayo. Unaposhuka, vidole hutangulia chini na kisigino hubaki juu, na huo ndio mkao ambao mifupa ya kifundo huachiana nafasi na ligamenti hiyo huvutwa. Kwa hiyo hisia yako ya kuponyokwa ina sababu, na si woga.

Kabla ya lolote, bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa vifupa viwili vya kifundo, wa ndani na wa nje, kuanzia nchani hadi sentimita 6 kwenda juu, kisha ubonyeze mfupa wa ukingo wa nje wa wayo, katikati ya kisigino na kidole kidogo. Hiki ni sehemu ya kipimo kilichotungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992 kwa ajili ya majeraha mapya, ili kuamua nani apigwe eksirei. Kwa wiki ya tano, mfupa ukiuma unapoubonyeza, iahirishe safari na uende hospitali, iwe Mkomaindo au Ndanda, ukachunguzwe.

Mfupa usipouma, jipime mwenyewe nyumbani, ukianza kila mara na mguu mzima ili upate cha kulinganisha. Weka wayo sentimita 10 kutoka ukutani, kisigino kikiwa chini, uone kama goti linagusa ukuta. Simama kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa. Nyanyuka kwa ncha ya mguu mmoja mara 20. Mwisho, ruka kwa mguu huo kwenda kushoto na kulia juu ya mstari, na ushuke polepole kutoka kwenye kidato cha ngazi. Kwa hali uliyoieleza, nakisia kwamba majaribio ya mwanzo utayamudu na kwamba utashindwa katika haya mawili ya mwisho. Ikiwa hivyo, nakuruhusu kupanda kwa kamba iliyokwisha kufungwa juu na mtu mwenye ujuzi, kwenye mwamba uliolala, kisha ushushwe polepole kwa kamba hiyohiyo. Milima ya mawe ya Masasi ina nyuso pana za namna hiyo, na kwenye mwamba uliolala kisigino hukaa chini, mkao ambao kifundo huwa imara zaidi.

Nisichokuruhusu ni kupanda mawe mafupi bila kamba, kwa kuwa kila jaribio huishia kwa kuruka chini, wala kufika kileleni kisha kurudi kwa miguu ukiwa umechoka. Usipewe pia kazi ya kumshikia mwenzako kamba: akianguka, atakuvuta ghafla na utalazimika kukanyaga popote. Hata njia ya kufikia mwamba ina hesabu yake. Mkikata mteremko, mguu ulio upande wa bondeni ndio unaopinduka kwa ndani, yaani ndiko ulikoteguka. Chagua njia itakayouweka mguu wako wa kulia upande wa mlimani, na pale isipowezekana tumia fimbo. Vaa viatu vya kufunga kwa kamba, si kandambili, na muanze alfajiri kabla jua halijauchoma mwamba.

Bendeji ya kuvutika hulegea baada ya mwendo mfupi. Bora kishikizo cha kifundo chenye kamba za kufunga, au plasta isiyovutika iliyobandikwa na anayejua. Diklofenaki usiimeze kabla ya kupanda, kwa sababu itazima maumivu ambayo siku hiyo unayahitaji kama mlinzi, na ukiwa na kiu kwenye joto inaweza kuziumiza figo. Na mwambie bibi kwa adabu kwamba kukanda kwa maji ya moto katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza uvimbe. Baadaye hakuna ubaya.

Jioni ya Jumamosi mguu ukivimba kidogo na kutulia kufikia asubuhi, usihofu. Maumivu yakizidi saa 24, ulifanya kupita kiasi, nawe pumzika na urudi kwenye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja na kunyanyuka kwa ncha, ambayo kwa vyovyote uyafanye kila siku kwa wiki sita zijazo. Ukiteguka tena hukohuko mlimani, usikivue kiatu mpaka ufike chini, maana mguu ukivimba hakitarudi. Kilegeze kidogo tu vidole vikianza kufa ganzi. Wenzako wakushushe wakikushika mabegani pande zote mbili, na ukishindwa kutembea hatua 4, waende nawe hospitali moja kwa moja.