Usimgombeze kwa kitambaa

Dada, nimekuelewa: binti yako wa miaka 14 ndiye pekee wa dini yenu darasani, wanamtania, na sasa anavua kitambaa cha kichwa akikaribia geti la shule. Mimi nami nilipokuwa shule nilikuwa nakula chakula changu chooni kukwepa utani kama huo, kwa hiyo inaniuma kabisa. Usimgombeze. Muulize wanamwambia nini, umsikilize hadi mwisho bila mawaidha. Mimi nilipata nguvu kwa kukutana na vijana wa imani yetu kila wiki, na kwa rafiki mmoja wa dini nyingine aliyekubali kukaa nami. Matusi yaandike na tarehe zake, umpelekee mwalimu mkuu. Akikosa usingizi au hamu ya kula wiki 2 mfululizo, mtafutie mshauri nasaha. Akitaja kujidhuru, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.