Dawa ya kutapika imemfunga mama choo

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu anatibiwa saratani kwa dawa za dripu. Akirudi nyumbani hupewa vidonge vya ondansetroni vya kuzuia kutapika. Kutapika kumekoma, lakini sasa anakaa siku tatu, nne bila choo. Jirani anasema ni ndizi anazokula. Ni kweli?
Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndizi msizisingizie. Mimi naanza kushuku hivyo vidonge.

Vinagusa serotonini, kemikali ya mwili ya kupeleka habari. Tumezoea kuisikia ikitajwa kwenye mambo ya huzuni na furaha, kumbe zaidi ya asilimia 90 yake imo tumboni. Mtaliano Vittorio Erspamer aliipata huko kwenye miaka ya 1930 akaiita enteramini. Chakula kikiubana ukuta wa utumbo, chembe za ukutani huimwaga serotonini, nayo hushika vipokezi, yaani sehemu za kuipokea, vya mishipa ya fahamu. Hapo utumbo hujibana nyuma ya chakula na kulegea mbele yake, kikasogea.

Vipokezi hivyo ni vya aina nyingi. Kinachomhusu mama ni namba tatu, maana kina kazi mbili: husaidia mwendo wa utumbo, na hupeleka habari za kichefuchefu kwenye ubongo. Dawa za saratani huzifanya zile chembe zimwage serotonini kwa wingi, ndiyo maana mgonjwa hutapika. Ondansetroni inaziba namba tatu. Kutapika kunatulia, na utumbo nao unapunguza mwendo.

Msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu. Kutapika kutamdhoofisha zaidi. Mwambieni daktari wake, mara nyingi huongeza dawa ya choo kama laktulosi. Mtajieni na dawa za maumivu anazotumia, kwani mofini na kodeini hufunga choo kuliko hata hiyo ondansetroni. Maji anywe, na akiweza atembee kidogo uani.

Utasikia pia kuna dawa za kuamsha kipokezi namba nne ili utumbo ukimbie. Zipo, ila msinunue kwa kuambiwa: mojawapo, sisapraidi, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa kuvuruga mapigo ya moyo.

Kumpiga bomba nyumbani, hapana kabisa. Kipindi hiki kinga yake huwa chini na jeraha dogo tu laweza kumletea maambukizi. Na tumbo likivimba, hata upepo hautoki, au akaanza tena kutapika, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.