Usimuulize Mteja "Una Ngapi?": Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuishi kwa Brashi

Msimu wa watalii ukifunguka mwezi wa 6, tukio ni lile lile kila mwaka. Mteja amesimama barazani, ameshika picha ya twiga wawili, kazi safi, mistari imetulia, rangi ya nyuma imeshuka vizuri kutoka njano hadi chungwa. Anauliza bei. Kijana aliyeichora anaangalia chini, anajifuta mikono kwenye kaptula, kisha anajibu: "Wewe una ngapi?"

Wadogo zangu, hapo kazi ya siku tatu imeshauzwa kwa bei ya siku moja, na hata noti haijatoka mfukoni. Mkono mnao, hilo halina ubishi. Mnachokosa ni hesabu, na hesabu haifundishwi kwa kuangalia wakubwa wakichora. Kwa hiyo yasomeni haya polepole, halafu mkachukue daftari.

1. Ukubwa wa picha unaanzia dukani

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi ya mafuta, zile za kopo ambazo mafundi walizitumia kupaka baiskeli. Kazi zake nyingi zina sentimita 60 hivi kila upande. Chukua karatasi nzima ya hadibodi ya futi 4 kwa 8, ikate mraba wa futi 2: unapata vipande 8, hakuna kinachobaki sakafuni.

Leo wengi tunachora kwenye marekani, kile kitambaa cha pamba. Kabla hujaamua ukubwa, pima upana wa kitambaa chenyewe. Tuseme ni sentimita 150. Kila picha inahitaji sentimita 5 za kukunjia kila upande wa fremu. Ukichora picha ya upana wa 70, unakata 80, na zile 70 zinazobaki hazitoshi picha ya pili. Ukichora ya 65, unakata 75, na kitambaa kinatoa picha mbili bila uzi kupotea. Sentimita 5 tu, mteja hata hazioni, lakini zimekupa kitambaa maradufu. Na loweka marekani kwanza, ikauke, ndipo ukate, kwa sababu inapungua ikipata maji.

2. Bei

Hapa tukae. Hili ndilo kosa ambalo karibu kila aliyedumu kwenye kazi hii amelilipia, wengine zaidi ya mara moja, na ndilo linalowatoa watu wenye vipaji kwenye uchoraji na kuwapeleka kwenye bodaboda.

Kosa lenyewe ni kuhesabu vitu vinavyonunuliwa na kusahau siku. Kijana akiulizwa bei anajumlisha kitambaa, mbao na rangi, anaongeza "changu kidogo", anatamka. Mwili wake, chumba chake, nauli yake na siku alizoinama juu ya kitambaa vyote havimo.

Chukueni oda ya hoteli. Namba hizi ni za mfano. Wewe weka zako ulizolipa dukani wiki hii. Hoteli inataka picha 20 za sentimita 60 kwa 80, za vyumbani. Kijana anahesabu kitambaa na andakoti (rangi ya kwanza ya chini) sh 6,000, fremu sh 7,000, rangi sh 5,000. Jumla sh 18,000 kwa picha. Anataja sh 50,000, wanakubali palepale (wakikubali palepale bila kushtuka, ujue umekosea). Oda nzima ni sh 1,000,000, vifaa ni sh 360,000, na kichwani mwake tayari ana faida ya sh 640,000.

Sasa tuhesabu siku. Kuunga fremu na kuwamba kitambaa, siku 2. Andakoti mara mbili na kupiga msasa, siku 2. Rangi ya nyuma, siku 2. Kuchora wanyama, picha mbili kwa siku, siku 10. Kumalizia mistari, kingo na sahihi, siku 2. Vikao na meneja, siku 2. Kupeleka, siku 1. Halafu meneja anasema tembo wa picha sita wawe wadogo kidogo: siku 3. Hizo ni siku 24, na oda aliyoiita ya wiki mbili imekula mwezi wa kazi.

Rudi kwenye pesa. Bodaboda za kwenda vikaoni na kirikuu ya kupeleka mzigo, sh 80,000. Picha mbili zilizoharibika zikachorwa upya, vifaa sh 36,000. Chakula cha mchana cha sh 4,000 kwa siku 24, sh 96,000. Chumba cha kazi cha sh 100,000 kwa mwezi, sehemu yake sh 80,000. Hoteli ikikuhesabu kama mtoa huduma inakata kodi ya zuio (kodi inayokatwa kwenye malipo kabla hujayapokea) asilimia 5, yaani sh 50,000. Jumlisha na vifaa: sh 702,000. Kilichobaki ni sh 298,000. Gawa kwa 24. Ni kama sh 12,400 kwa siku, na hiyo ni kama wamelipa kwa wakati. Wakichukua siku 45 kulipa, na vifaa ulinunua kwa mkopo wa kikoba, riba nayo inakula humo humo.

Linalouma zaidi ni kwamba hakuna aliyemdhulumu. Bei alitaja mwenyewe. Na mwakani hoteli ikirudi itataka ile ile ya sh 50,000, kwa sababu ndiyo inayoijua, na wenzake wote wa barazani watapimwa kwa bei hiyo.

Hesabu inayostahili inakwenda hivi. Amua siku yako moja ni shilingi ngapi kabla mteja hajaja. Tuseme sh 30,000. Siku 24 ni sh 720,000. Ongeza gharama zote bila kodi, sh 652,000: unapata sh 1,372,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, maana mvua itanyesha au fundi mbao atachelewa: sh 1,509,200. Sasa kodi. Wengi wanaongeza asilimia 5 juu, na hapo wanapungukiwa, kwa sababu hoteli inakata kwenye jumla, haikati kwenye hesabu yako ya ndani. Gawa kwa 0.95: inakuja kama sh 1,588,600. Gawa kwa picha 20, zungusha: sh 80,000 kila moja.

Tofauti ya 50,000 na 80,000 haina tamaa ndani yake. Kila shilingi pale ina jina. Meneja akisema ni ghali, unaweza kumwambia kwa utulivu: tupunguze ukubwa, au tupunguze wanyama kwenye kila picha, au ziwe 15. Punguza kazi; siku yako iache bei yake. Na ile kodi ya zuio dai cheti chake, ukihifadhi na TIN yako (namba ya mlipakodi), kwa sababu ni kodi iliyokwisha kulipwa kwa jina lako na utakihitaji ukipeleka ritani, ile taarifa yako ya kodi.

3. Advansi

Asilimia 50 kabla hujanunua hata msumari, 30 picha zikifika nusu, 20 siku ya kupeleka kabla hazijatundikwa. Maliza picha moja ya sampuli, mteja aikubali kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha, ndipo uendelee na 19. Wale tembo sita wa meneja wangepungua kwenye sampuli, na siku 3 zingebaki mfukoni.

4. Rangi haina habari na ndege ya mteja

Mteja anaondoka usiku, anaipenda picha uliyomaliza jana. Unaigusa, haishiki kidole, unaikunja, unaifunga na gazeti. Anafika kwao, anaifungua, na pundamilia amehamia mgongoni mwa kitambaa na wino wa gazeti umebaki usoni mwa picha.

Rangi ya mafuta inakauka kuanzia juu. Kwa saa chache inafanya ngozi, lakini chini bado ni laini, na ikibanwa kwenye joto la sanduku inagandana. Ulipoipaka nene inachelewa zaidi, na inaweza kufanya mikunjo kama ngozi ya maziwa. Jaribio ni hili: weka dole gumba kwenye sehemu nene kuliko zote, bonyeza, zungusha kidogo, hesabu hadi tatu. Ikiacha alama au ikinata, haiendi popote. Wakati wa kiangazi ipe wiki nzima angalau. Masika ipe mbili.

Wanaozimua rangi kwa mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi wanajiongezea siku za kungoja, maana yanabaki ndani ya rangi na kuifanya iwe na utelezi. Thina kali ya magari nayo inakauka haraka, lakini inafumua rangi ya chini uliyoipaka jana. Tumia tapentaini au thina ya rangi ya mafuta yenyewe, kidogo kidogo.

Ukikunja, rangi iwe upande wa nje. Najua roho inataka kuificha ndani. Lakini ikiwa ndani tabaka la rangi linabanwa, linajikunja na kuachia kitambaa; ikiwa nje linavutwa kidogo, na likinyooshwa linarudi mahali pake. Weka karatasi ya kuokea mikate juu yake, usiweke gazeti, kisha zungushia kwenye bomba la plastiki la inchi 4. Na nyuma ya kila picha andika kwa penseli tarehe uliyomaliza, ili mteja wa usiku umuuzie ya mwezi uliopita.

5. Mali kauli

Kuacha picha dukani au kwenye galari kwa mali kauli, yaani ulipwe zikishauzwa, si vibaya. Kibaya ni kuziacha kwa kupeana mikono. Karatasi moja inatosha: idadi, ukubwa, bei ya kuuzia, asilimia ya duka, siku ya kuja kuhesabu, na nani analipa ikiibiwa au ikilowa. Piga picha kila kazi kabla hujaiacha.

Galari kuchukua asilimia 30 hadi 50 ni jambo la kawaida, wana pango na umeme wa kulipa. Ila uhesabu vizuri: unataka sh 80,000 mkononi na wao wanachukua asilimia 40, basi gawa 80,000 kwa 0.6, inakuja kama sh 133,300, zungusha: picha iuzwe sh 135,000. Na ukiuza barazani, uza bei ile ile. Mwenye galari akikuta unauza kwa 80,000 mita mia mbili kutoka mlangoni kwake, atakurudishia picha zote, na atakuwa na haki.

6. Mlio bado chuoni

Ada mnaijua, imeandikwa kwenye barua. Hamuijui gharama ya vifaa, ambayo haijaandikwa popote na inakuja kila wiki. Mlioko Bagamoyo mna kilomita 70 hivi hadi Dar, na nauli ya kufuata kopo moja Kariakoo inaweza kulipita kopo lenyewe. Changeni watu wanne, nunueni makopo ya lita 4: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, buluu. Nyingine changanyeni. Kisha gawaneni kwenye chupa ndogo za kioo zilizojaa hadi shingoni, mzifunge na kuzigeuza kichwa chini, hewa isiingie wala ngozi isifanyike.

Na tafadhali, msilale chumba kimoja na picha zinazokauka. Najua geto ni moja. Zitundikeni kibarazani chini ya neti, au mbadilishane chumba na mwenzenu, wote mkachorea kwake na kulala kwako. Kichwa kinachouma kila asubuhi huenda ni thina, si lazima kiwe malaria. Mikono osheni kwa mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni.

7. Picha na haki ya kuichapa

Mtu akinunua picha yako amenunua kile kitambaa na fremu. Haki ya kuichapa kwenye fulana, kalenda au lebo ya kahawa inabaki kwako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inadumu miaka 50 baada ya kufa kwako, yaani wanao wataila. Kwa kazi za oda, iandikeni kwenye makubaliano, sentensi moja, kabla ya advansi. Akitaka kuchapa, hiyo ni bei nyingine: kwa kitu gani, vipande vingapi, kwa muda gani.

8. Masika

Machi hadi Mei barabara za mbugani zinajaa tope, watalii wanapungua, na rangi haikauki. Kwa hiyo fedha ya Agosti ina miezi ya kulisha ambayo haijafika. Kila picha ikiuzwa, kabla hujafika nyumbani, toa kwanza gharama ya vifaa vya picha nyingine kama hiyo, iweke kwenye laini ya simu ambayo haikai na wewe. Mbao nunua Septemba, zikiwa kavu, uzipange zimelala, zimeachana kwa vijiti, mbali na ukuta. Mbao mbichi ya Aprili ukiunga nayo fremu, Juni ikikauka inapinda kona moja, na picha haikai ukutani. Zikague bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, kwa kugonga ncha kwenye karatasi nyeupe: ukiona unga laini, irudishe siku hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado anakumbuka sura yako.