Ukiirudia Assassin's Creed II, usikimbie mwanzo

Kaka yangu ndiye aliyelipia nusu saa ya kwanza. Ilikuwa mwaka 2011, kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu: kochi limechanika, feni linapiga kelele, na runinga tatu kati ya nne zina gemu ya mpira. Ile ya nne, ya pembeni, tulikuwa sisi na Ezio Auditore, mhusika mkuu wa Assassin's Creed II. Mwenye kibanda hakufurahi hata kidogo. Mpira ukifungwa unanyanyuka, mwingine anakaa, hela inaingia. Sisi tulikuwa tunaziba kiti.

Faili letu lilipotea mara tatu. Mara mbili ni umeme, mara moja ni dogo mmoja aliyeseivu juu yetu. Kwa hiyo kabla sijaiona Venice nilikuwa nimecheza mwanzo mara nne, na mwanzo wa gemu hii ndio ambao kila mtu anakwambia uuvumilie tu, utamu uko mbele. Mimi nakwambia tofauti.

Uko Florence, Italia, mwaka 1476, na wewe ndiye Ezio. Una miaka 17, huna silaha ya maana, na lile joho jeupe la wauaji bado hujalivaa. Baba anakutuma kupeleka barua. Dada yako Claudia kachezewa na mchumba wake, nenda kamtie adabu. Mdogo wako Petruccio ni mgonjwa, kakatazwa kutoka, anakuomba umletee manyoya ya ndege yaliyonasa juu ya mapaa na hasemi ni ya kazi gani. Usiku unashindana mbio na kaka yako Federico mpaka juu ya kanisa, halafu mnakaa mnautazama mji. Basi. Hakuna la zaidi.

Mara ya kwanza niliyabonyeza haraka haraka ili yaishe, saa ya kibanda inakimbia. Baba, Federico na Petruccio waliponyongwa pale Piazza della Signoria, nikaona watu watatu wamenyongwa, nikaendelea. Mara ya nne nilikuwa nimepanda yale mapaa taratibu, nimemkabidhi dogo manyoya yake, na kaka yangu mwenyewe amekaa ubavuni kwangu anakula karanga. Kamba zilipokazwa akaacha kutafuna. Sikumwangalia.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huo: zile kazi za kutumwa tumwa zifanye zote, tena bila haraka. Ezio atalibeba deni la kisasi cha ndugu zake hao mpaka mwaka 1499, akiwa na miaka 40. Ukiruka mwanzo, miaka yote hiyo inakuwa mishoni baada ya mishoni.

Upande wa mapigano, jiandae kucheka. Gemu ni ya 2009 na inaonekana. Askari sita wanakuzunguka, kisha wanakuja mmoja mmoja kama wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Ukishajua kukinga na kurudisha pigo, umemaliza. Usiitafute raha huko.

Raha iko kwenye watu. Kila unapokutana na jina jipya, fungua maelezo yake ndani ya gemu, usome, halafu ukamtafute mtu huyo nje ya gemu. Mfano wangu ni Bernardo Baroncelli. Tarehe 26 Aprili 1478, wakati wa misa katika kanisa kuu la Florence, kundi lililoongozwa na ukoo wa Pazzi liliwavamia ndugu wawili wa Medici, ukoo uliokuwa unaushika mji. Giuliano aliuawa, Lorenzo akajeruhiwa shingoni na kuponyoka. Baroncelli alikuwa mmoja wa wauaji. Kwenye gemu unamfuata San Gimignano na kummaliza mwenyewe. Katika historia alikimbilia Constantinople (Istanbul ya leo), Sultani Mehmed II wa Ottoman akamrudisha, na Desemba 1479 akanyongwa Florence. Aliyesimama pale akauchora mwili wake unaning'inia ni Leonardo da Vinci, yuleyule anayekutengenezea silaha na kukukumbatia kila ukipiga hodi. Pembeni ya mchoro aliandika nguo za marehemu, hadi lile koti la buluu lililowekwa manyoya ya mbweha. Nilipolijua hilo, yule Leonardo mchangamfu wa kwenye gemu sikumwona tena vilevile.

(Waganga wenye barakoa za mdomo wa ndege wanaokuuzia dawa vichochoroni ni wa karne ya 17. Wamewahi kidogo.)

Kingine: angalia unanunua toleo gani. Kwenye diski ya kwanza ya konsoli hadithi inaruka kutoka sura ya 11 hadi ya 14, kwa sababu ya 12 na 13 ziliuzwa kando baadaye. Sisi hatukujua. Tuligombana na mwenye kibanda kwamba CD yake ina mikwaruzo, tukadai tusilipe. Ukichukua mkusanyiko wa The Ezio Collection wa 2016, sura hizo zimo.

Ukifika Monteriggioni kwa mjomba Mario, anza na ukarabati wa mji kabla ya kununua upanga wowote. Maduka yanaingiza fedha kwenye sanduku la nyumbani, lakini sanduku lina kikomo. Likijaa hakiongezeki kitu, kwa hiyo pitia mara kwa mara.

Humo ndani ya nyumba utamkuta mama yako, Maria, amepiga magoti kando ya kitanda. Tangu msiba haongei. Pembeni yake kuna kisanduku cha kuwekea manyoya, yaleyale ya Petruccio, mia moja yametapakaa nchi nzima. Ukiyakamilisha anafungua kinywa, na unapewa joho la ukoo ambalo ukilivaa askari wa kila mji wanakukimbiza. Zawadi ya ovyo kabisa. Mimi nina 97. Kaka anasema moja kati ya yaliyobaki liko Venice, juu ya mnara tulioupita ile siku umeme ulipokatika.