Mafuta yakipanda hiyo faida anakula nani?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi naendesha bajaji hapa Dodoma, Nkuhungu kwenda Majengo sokoni, bajaji ya tajiri kwahiyo mafuta yapande yasipande jioni hesabu lazima ifike. Kijiweni mwenzetu anasema Ulaya kampuni za mafuta zikivuna sana bei ikipanda serikali inawakata kodi ya ziada. Sasa mbona sheli za huku hazikatwi, wakati Jumatano ikitoka bei mpya mafuta yale yale ya jana yameshapanda? – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Pole na jua mdogo wangu. Mwenzako kasema kweli. Uingereza mwezi wa tano 2022 Rishi Sunak, waziri wa fedha wakati ule, alitangaza kodi ya ziada ya 25% kwa kampuni zinazochimba mafuta na gesi kule bahari ya Kaskazini, Januari 2023 ikawa 35%, Novemba 2024 ikafika 38%, ukijumlisha na kodi zao nyingine inakuwa 78% ya faida. Siku ile ile ya kutangaza wakaahidi kila kaya pauni 400 za kupunguzia bili ya umeme na gesi. Mi naona ni haki kabisa, maana bei ilipandishwa na vita ya Ukraine, kampuni haikutoka jasho lolote jipya, pipa linatoka kisima kile kile.

Ila angalia aliyekatwa ni nani, ni mwenye kisima. Sisi kisima cha mafuta hatuna, petroli na dizeli yote tunaagiza nje kwa pamoja, inashushwa Dar, Tanga au Mtwara afu inapanda lori mpaka huku, ndo maana Dodoma tunalipa zaidi ya Dar. Na kwenye ile bei kikomo ya EWURA, yaani bei ya juu kabisa ambayo mamlaka ya nishati na maji inamruhusu sheli kuuza, faida ya muagizaji na ya sheli imepangiwa kiasi cha shilingi kwa lita, pipa likipanda huko duniani yenyewe haipandi nalo. Faida nono inabaki huko huko kwa wachimbaji na mkono wetu haufiki, ndo maana 2022 serikali yetu ilitoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi badala ya kumkata mtu.

Tulichonacho ni gesi. Mkataba wa gesi ya Songo Songo, kisiwa kule Kilwa, uliwekewa kodi ya faida ya ziada, mwekezaji akishavuka kiwango fulani cha faida analipa zaidi. Hapo ndo ningependa mbishane kijiweni, mikataba ya gesi inayokuja iwe na kipengele hicho toka mwanzo, kwasababu ukisubiri bei ipande ndo utunge sheria ushachelewa.

Kuhusu mafuta ya jana kuuzwa bei ya leo uko sahihi, siku hiyo sheli anapata, na bei ikishuka anaumia vile vile kwahiyo hilo simlaumu. Ninayemlaumu ni yule anayeficha mafuta Jumatatu na Jumanne anasema yameisha akisubiri Jumatano, huyo anakula jasho lako wewe unayezunguka na tenki tupu na abiria amekaa nyuma. Ukimkuta andika jina la kituo na saa uliyofika, afu nenda EWURA, makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma.